Maneno 35 Yanatosha: Namna ya Kujibu Maswali Mafupi ya Vyuo vya Marekani

Kila Agosti mosi Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, hufungua dirisha jipya la maombi, na tangu wiki hiyo swali linalowafikia walimu, washauri na waandishi wa kurasa za elimu ni moja. Insha kubwa ya maneno 650 imeandikwa, imesahihishwa, imesomwa hata na mjomba aliye Dallas. Kisha mwombaji anafungua ukurasa wa chuo anachokitaka na kukuta maswali mengine, madogo madogo, ambayo hakuna aliyemwambia habari zake. Haya nayo yanajibiwaje?

Ni swali la haki, maana visanduku vyenyewe ni vidogo kwelikweli. Yale imekuwa ikitaka majibu yasiyozidi maneno 35. Princeton hutoa maneno 50. Stanford nayo 50 kwa baadhi ya maswali, na kati ya 100 na 250 kwa mengine. Harvard ilibadili fomu yake mwaka 2023 na kuweka maswali matano mafupi ya lazima. USC ya Los Angeles imefika mbali zaidi: herufi 100 tu, pamoja na nafasi zilizo katikati ya maneno, za kutaja kitafunwa unachokipenda. Anayeomba vyuo kumi anaweza kujikuta na majibu thelathini ya kuandika. Hapo ndipo wengi huchoka na kuyajibu usiku wa mwisho, kwa maneno yoyote yanayojaza kisanduku.

Ni kosa la gharama kubwa. Insha kubwa huenda kwa vyuo vyote ikiwa ile ile, ila majibu mafupi huandikwa kwa ajili ya chuo kimoja na husomwa na watu wa chuo hicho.

Anayesoma ni nani, na anatafuta nini

Msomaji ni afisa udahili mwenye rundo la faili mbele yake, na kila faili ina dakika chache tu. Alama amekwisha kuziona. Kwa vyuo vikubwa, karibu kila aliyefika mezani ana A za kutosha, kwa hiyo A hazimsaidii kuchagua. Anachotaka ni kujua huyu ni mtu wa namna gani: anakula nini, anacheka nini, anahangaika na nini akiwa peke yake.

Kuna sababu nyingine ya karibuni. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili, lakini ikaacha mlango wazi kwa mwombaji kueleza mwenyewe jinsi asili yake ilivyoathiri maisha yake. Vyuo vingi viliandika upya maswali yao baada ya hapo, na maswali kuhusu jamii, malezi na mazingira ya mwombaji yakaongezeka.

Kabla ya kuandika neno lolote

Usifungue kisanduku na kuanza kuandika. Fanya haya kwanza:

1. Nakili maswali yote ya vyuo vyote mahali pamoja, kwenye daftari au kwenye faili moja la kompyuta, kila swali na kikomo chake cha maneno au herufi. Maswali hubadilika, kwa hiyo yachukue kwenye fomu ya mwaka huu, si kwa kaka aliyeomba juzi.
2. Tia alama maswali yanayofanana. "Jamii yako" ya chuo hiki na "mahali ulipotoka" ya chuo kile yanaweza kuanzia kwenye habari moja.
3. Pembeni, andika orodha ya mambo ishirini ya kweli kuhusu maisha yako. Mambo, si sifa. "Mchapakazi" haimo. "Hufungua duka saa kumi na mbili kamili kwa sababu baba ana zamu ya usiku" imo.
4. Kata kila jambo ambalo tayari limo kwenye insha kubwa au kwenye orodha ya shughuli zako.
5. Yaliyobaki yagawe: jambo moja kwa swali moja.

Hatua ya nne huwauma wengi. Aliyeandika insha kubwa kuhusu klabu ya mijadala hutaka klabu hiyo iingie pia kwenye "kinachokupa furaha", kwenye "jamii yako" na kwenye "mtu aliyekugusa". Afisa akimaliza kusoma amejua jambo moja mara nne, na visanduku vitatu vimepotea bure.

Insha ya shuleni ibaki shuleni

Hapa ndipo waombaji wa Afrika Mashariki wanapojikwaa kuliko mahali pengine popote, na wala si kwa uvivu. Wamefundishwa vizuri mno. Miaka mingi ya insha imewazoesha kufungua kwa methali, kueleza maana yake, kupanda polepole hadi kwenye hoja, kisha kufunga kwa "kwa kuhitimisha". Mtindo huo humpa mtu alama nzuri kwenye mtihani. Kwenye maneno 35 humaliza nafasi kabla mwandishi hajasema kitu.

Tazama jibu hili kwa swali ambalo Yale imekuwa ikiuliza, kuhusu kinachomtia mtu hamasa. Majibu yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Hapa yamewekwa kwa Kiswahili, na yametungwa kwa ajili ya mfano tu:

*"Wahenga walisema penye nia pana njia. Mimi ni kijana mwenye bidii ninayetiwa hamasa na viongozi wakubwa waliojitolea kuleta mabadiliko chanya katika jamii zao na duniani kwa ujumla."*

Hakuna kosa la sarufi. Hakuna mtu pia. Jibu hili lingeweza kuandikwa na kijana yeyote wa Kisumu, Mbeya au Bukavu, na afisa akilisoma hajui chochote alichokuwa hajui. Linganisha na hili:

*"Mama ntilie aliye nje ya shule yetu. Hana daftari, ila anakumbuka kila anayedaiwa na kiasi gani. Nimeanza kusoma jinsi ubongo unavyohifadhi kumbukumbu kwa sababu yake."*

Halina neno kubwa hata moja. Kuna mtu anayeonekana, kuna jambo la kushangaza kidogo, na kuna kijana aliyelichukua hilo jambo akaenda nalo hadi kwenye vitabu. Afisa akikuta kwenye fomu hiyo hiyo kwamba mwombaji anataka kusoma saikolojia, anaelewa sababu bila kuhubiriwa.

Basi katika majibu mafupi, futa bila huruma:

- methali na semi za ufunguzi, hasa elimu kuwa ufunguo wa maisha;
- kurudia swali ("Kitu kinachonipa furaha zaidi maishani mwangu ni...");
- "tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikiota";
- sifa ulizojipa mwenyewe: mwenye bidii, mbunifu, kiongozi wa kuzaliwa;
- shukrani kwa chuo kwa kukupa nafasi ya kujibu.

Heshima yetu ni nzuri, lakini fomu haisubiri salamu.

Namna ya kulipata jibu

Wengi hukaa mbele ya kisanduku wakitafuta Kiingereza kizuri kabla hawajapata cha kusema. Njia inayofanya kazi zaidi ni ya kinyume:

- Msomee rafiki au dada yako swali, kisha mjibu kwa mdomo, kwa lugha mnayoongea kila siku. Ikiwa yuko mbali, mtumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp.
- Jisikilize. Sentensi ya kwanza mara nyingi ni ya kusafisha koo. Jibu huanza kwenye ya pili au ya tatu.
- Andika hiyo ya pili au ya tatu, sasa kwa Kiingereza. Usifikirie urefu bado.
- Hesabu maneno. Rasimu iliyofikiriwa kwa Kiswahili huvimba ikivuka kwenda Kiingereza, kwa hiyo usishangae maneno 30 yakawa 50.
- Punguza kwa kuondoa wazo zima, si kwa kunyofoa neno moja moja hadi sentensi inakuwa simu ya maandishi ya zamani. Kama mawazo mawili hayaenei, moja liondoke.
- Ilaze siku mbili, kisha isome kwa sauti.

Kikomo si lengo. Ukiulizwa swali la maneno 50 na ukalimaliza kwa 38, funga kisanduku uende kwa lingine. Ila jibu la maneno 60 kwenye kisanduku cha 250 humwambia afisa kwamba hukujishughulisha.

Maswali yanayorudi kila mwaka

*"Kwa nini chuo hiki?"* Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote. "Chuo chenu ni maarufu duniani kwa elimu bora na mazingira mazuri." Afisa anakijua chuo chake, hahitaji kusifiwa. Jaribu hivi: ondoa jina la chuo, weka la kingine. Sentensi ikiendelea kusimama, ifute.

Chukua Colorado College. Tangu mwaka 1970 wanafunzi wake husoma somo moja tu kwa wakati mmoja, kwa wiki tatu na nusu, kisha huhamia lingine. Mwombaji anayekulia Naivasha, karibu na visima vya mvuke vya Olkaria, na anayetaka kusoma jiolojia, ana jambo la kusema hapo: mfumo wa somo moja humruhusu mwalimu kulitoa darasa zima nje kwa siku kadhaa, miambani, bila kugongana na kipindi cha hesabu. Sentensi mbili za namna hiyo zinabeba mahali alipotoka, anachotaka, na sababu ya kukitaka chuo hicho na si kingine. Ili kuzipata, alihitaji kusoma tovuti ya chuo kwa saa moja. Wengi hawatoi saa hiyo.

Tahadhari: jambo ambalo kila mtu analijua kuhusu chuo halitoshi peke yake. Brown ina mtaala huria tangu 1969, na karibu kila anayeomba Brown huutaja. Utaje ukitaka, lakini sema wewe ungeutumia kuchanganya masomo gani na gani.

*"Jamii yako."* Si lazima iwe kabila, dini au nchi. Yaweza kuwa kwaya, madrasa, wacheza bao wa chini ya mwembe, au abiria wa daladala ya saa kumi na moja alfajiri. Muhimu ni kazi yako humo. Anayeandika "natoka katika jamii yenye upendo na ushirikiano" hajasema kitu. Anayeandika kwamba ndiye anayetunza daftari la michango ya msiba mtaani, na kwamba amejifunza nani huahidi na nani hutoa, amesema mengi.

*"Tatizo kubwa linaloikabili jamii leo."* Stanford imekuwa ikiliuliza kwa maneno 50. Mabadiliko ya tabianchi, ufisadi na ukosefu wa ajira yataandikwa na maelfu. Hayakatazwi, ila yapunguze hadi yatoshe mkononi. Kisima cha mtaani ambacho maji yake yameanza kuonja chumvi ni mabadiliko ya tabianchi pia, na afisa atakikumbuka.

*"Mtu aliyekugusa, asiye wa familia."* Mandela, Nyerere, Wangari Maathai. Maafisa wanawajua, Maathai mwenyewe alisoma biolojia Kansas na kuhitimu mwaka 1964. Kama huna cha kwako cha kusema juu yao, waache wapumzike. Fundi baiskeli aliyekufundisha kusikiliza mnyororo kabla ya kuugusa ana nafasi nzuri zaidi.

*Maswali ya kuchekesha.* Kitafunwa, wimbo, filamu, maneno matatu ya kujieleza, somo ambalo ungelifundisha. Hapa wanafunzi wetu huganda. Wamezoea kwamba fomu ya serikali haina mzaha, basi wanajibu: "Napenda matunda kwa sababu yana vitamini." Mtu mmoja angeandika hivi: "Mabuyu mekundu ya Mombasa. Ulimi unabaki na ushahidi, na mwalimu anauona." Ni herufi zisizofika 100, na mwandishi wake ni mtu unayetaka kuzungumza naye. Wimbo uwe ule unaousikiliza kweli, hata kama ni Bongo Fleva ambayo afisa hajawahi kuisikia. Kama kikomo kinaruhusu, ongeza maneno machache ya kumwelekeza: "Taarabu ya Bi Kidude, ambayo bibi huiweka kila Ijumaa akipika, nami huosha vyombo kwa mdundo wake."

*Barua kwa mtakayeishi naye bwenini.* Stanford imeipenda kwa miaka mingi. Wengi huigeuza wasifu wa kazi. Mwenzako wa chumbani hana haja ya vyeti vyako. Anataka kujua kama utawasha taa. "Simu yangu italia saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya swala, nitaiweka chini ya mto. Chai ya tangawizi itakuwa tayari ukiamka" ni mwanzo mzuri, ikiwa ni kweli.

*Orodha.* Vitu vitano vya muhimu kwako, au vitabu ulivyosoma. Usijaze vitabu vizito ambavyo hukuvimaliza. Usieleze sana pia. Orodha ikiulizwa, toa orodha. Mchanganyiko ndio unaosema: hesabu zisizo na jibu moja, kiporo cha wali kwa chai, redio ya babu, Simba hata ikifungwa.

Herufi 150 za shughuli

Sehemu ya shughuli ya Common App si swali, lakini hufanya kazi ile ile. Ina nafasi kumi, na kila moja hupewa herufi 50 za cheo, 100 za jina la taasisi na 150 za maelezo. Mwombaji mmoja angeweza kuanza hivi:

*"Nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira ambapo niliwaongoza wenzangu kupanda miti na kuhamasisha jamii kutunza mazingira."*

Neno "mwenyekiti" lina kisanduku chake juu, na jina la klabu pia lina lake. Yakiondoka, hakuna kilichobaki isipokuwa "kupanda miti". Rasimu ya pili:

*"Tulipanda mikoko 300, 120 ilikufa. Nikauliza wavuvi, nikabadili msimu wa kupanda. Mwaka uliofuata ilikufa 20 tu."*

Ni fupi kuliko ya kwanza, na ndani yake mna tatizo, uamuzi na matokeo. Kufa kwa miche hakukumwaibisha, kumemfanya aaminike.

Kosa la pili hapa ni la unyenyekevu. Watoto wetu huacha nafasi tupu wakidhani shughuli ni lazima iwe na kombe au cheti. Common App ina kundi la kazi ya kulipwa na kundi la majukumu ya kifamilia. Kuuza katika duka la nyumbani kila jioni, kumlea mdogo wakati mama yuko sokoni, kuchunga, kuteka maji, kumpeleka bibi kliniki: vyote vinaingia, na saa zake kwa wiki zinaandikwa. Waliomaliza Kidato cha Sita Tanzania na kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria nao wana cha kuandika.

"Lakini je...?"

*Je, maisha yangu si ya kawaida mno?* Ya kawaida kwako. Afisa aliye Connecticut hajawahi kupanga foleni ya maji na madumu manne. Usilielezee kama jambo la ajabu. Lielezee kama unavyolijua, kwa undani wake.

*Je, nisimulie umaskini wetu?* Ukitaka, na kwa kiasi. Kipato cha familia kimo tayari kwenye fomu za kuomba msaada wa fedha, na Common App ina nafasi maalumu ya kueleza mazingira magumu. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haziangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji zinapoamua kumpokea, hata akiwa mgeni. Jibu fupi linalokusanya shida peke yake humwacha msomaji na huruma, wala si na picha ya mtu. Andika ulichofanya ndani ya hali hiyo.

*Je, nisipojibu yale ya hiari?* Jibu. Kwenye vyuo vyenye ushindani, neno "hiari" lisikudanganye. Isipokuwa pale swali linapohusu hali usiyo nayo. Hapo kisanduku kibaki wazi.

*Kiingereza changu si cha Mmarekani.* Hakitakiwi kiwe. Sentensi fupi iliyo sahihi hushinda sentensi ndefu iliyoazimwa kwenye kamusi. Mwalimu wa Kiingereza akusaidie makosa ya sarufi, asikubadilishie sauti. Akirudisha jibu lenye maneno usiyoweza kuyatamka, lirudishe ulivyokuwa umeliandika.

*Na akili mnemba, au akili unde kama wengine wasemavyo?* Tangu 2023 kanuni za Common App zinahesabu kuwasilisha maandishi ya akili mnemba kama yako kuwa udanganyifu, sawa na wizi wa maandishi, na mwombaji hutia saini kwamba kazi ni yake. Ukiacha kanuni, kuna sababu ya kawaida kabisa: programu hizo haziwajui mama ntilie wala bibi yako, kwa hiyo huandika jibu lile la kwanza, la "mabadiliko chanya".

*Kuna wakala anayesema ataniandikia kwa malipo.* Mkimbie. Udanganyifu ni ule ule, na jibu alilokuuzia wewe amewauzia na wengine. EducationUSA, huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani, ina washauri Nairobi na Dar es Salaam ambao hawatozi ada kwa ushauri wao.

Makosa madogo yanayozamisha fomu nzima

- Jina la chuo kingine. Hutokea kila mwaka, kwa watu wenye akili nyingi, kwa sababu ya kunakili na kubandika saa sita usiku.
- Kutaja profesa aliyestaafu au kozi iliyofutwa. Angalia tarehe ya ukurasa unaousoma.
- Kusimulia ziara moja ya kituo cha watoto yatima, sabuni na sukari mkononi, kana kwamba ni utumishi. Kama hukurudi tena, acha.
- Vifupisho vya kwetu bila maelezo: KCSE, NECTA, SACCO, boda. Afisa wa kanda yetu huenda akavijua. Anayesoma baada yake hatavijua.
- Mzaha unaomdhalilisha mtu, kabila au dini.

Kalenda yetu na kalenda yao

Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema Novemba mosi na ya kawaida siku za mwanzo za Januari. Kwa Kidato cha Nne wa Kenya, Novemba ni KCSE, na bweni halina simu. Ndiyo maana wengi hungoja matokeo, kisha huomba katika msimu unaofuata. Kufanya hivyo si kuchelewa; miezi hiyo ya kungoja ndiyo nafasi ya kuandika majibu bila presha. Wa Kidato cha Sita wa Tanzania, wanaofanya mtihani Mei, wana nafasi nzuri zaidi: Agosti fomu inafunguka wakiwa nje ya darasa.

Kwa vyuo vingi vya Common App, tarehe ya mwisho huisha saa 5:59 usiku kwa saa za mahali alipo mwombaji. Usijidanganye kwamba Marekani ya mashariki iko nyuma kwa saa saba au nane na kwa hiyo una asubuhi nzima ya nyongeza. Umeme hukatika, bando huisha, na mgahawa wa intaneti hufungwa saa mbili usiku. Tuma siku tatu kabla.

Tahadhari moja kwa wanaovutiwa na California: Chuo Kikuu cha California, chenye Berkeley na UCLA ndani yake, hakitumii Common App. Kina fomu yake na maswali manane, ambayo mwombaji huchagua manne na kuyajibu kwa maneno yasiyozidi 350 kila moja. Na hakitoi msaada wa fedha unaozingatia uhitaji kwa wanafunzi wa kigeni. Afadhali kujua hilo kabla ya kuandika maneno 1,400 kuliko baada.

Kabla ya kutuma, Common App hutengeneza PDF ya ombi zima kama chuo kitakavyoliona. Ifungue, uisome tangu juu hadi chini kwa sauti, na mwombe mtu mmoja asiyekujua vizuri naye aisome. Akimaliza, muulize amekujua vipi. Asipoweza kutaja mambo matatu ambayo hayamo kwenye vyeti vyako, rudi kwenye orodha yako ya ishirini. Baada ya kubonyeza kutuma, majibu ya chuo hicho hayarekebishwi tena.